Barua ya Zamani Kuliko Zote

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutunza barua pepe za ofisi hii, Shangazi wa chumba cha seva anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hata mkurugenzi, anayemzidi umri, humwita Shangazi, naye huitika bila kuinua macho.

Alianza akiwa karani, akapanda hadi msimamizi wa kumbukumbu. Ni yeye aliyetuhamisha sote kutoka akaunti za zamani, ambazo barua zake zilikaa kwenye kompyuta moja tu, hadi hizi za sasa zinazofunguka popote. Wakati huo mhasibu mkuu alitangaza kwamba keshahama, kumbe kompyuta yake kuukuu inabebwa kwenda kutupwa, barua zote zikiwa tumboni mwake. Shangazi aliiwahi ngazini, akaikalia kama kuku anayeatamia, na hakunyanyuka mpaka barua zilipotolewa.

Tangu hapo tuna sheria yake: nakala ya zamani haifutwi mpaka mwenye barua afungue kwa mkono wake, katika akaunti mpya, ile ya zamani kuliko zote.

Mwezi huu ikawa zamu yake. Akaunti yake ya kazi inafungwa siku anayoondoka, na alitaka barua zake zihamie akaunti ya nyumbani, yenye programu nyingine na muundo mwingine wa faili. Kazi hiyo akampa mwandishi wa makala haya, karani mgeni aliyeuliza mara mbili kabla ya kubofya chochote. Barua zote zilivuka salama, ila kila moja ilibeba tarehe ya Jumanne tuliyozihamisha. Miaka ishirini na sita ilikuwa imewasili asubuhi moja! Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

"Mwanangu, umenirudisha ujana. Kwa tarehe hizi nina siku moja tu kazini."

Kwa bahati, sheria ni sheria. Nakala ya zamani ilikuwepo. Tukazihamisha upya, safari hii kila barua na tarehe yake. Shangazi akafungua ile ya zamani kuliko zote, na tarehe ilikuwa sahihi. Chumba kizima kikashangilia. Katika barua hiyo alikuwa akimuuliza bosi wake wa kwanza ufunguo wa kabati la nakala huwekwa wapi. Hajajibiwa hadi leo.

Akauvua shingoni ufunguo wa kabati hilo, ambao hatimaye aliupata mwenyewe, akauweka kiganjani mwa karani. "Wewe usiandike barua. Shika."

Shangazi, ahsante. Kabati liko salama, na karani sasa anabofya bila kuuliza. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya na vicheko. Nawe ukituandikia, tutakujibu siku hiyo hiyo.