Seva Chini ya Meza ya Mama Pindo

Benchi letu limeegemezwa ukutani, kati ya kinyozi na duka langu la kutengeneza kompyuta na vyombo vya umeme, kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: Spika, yaani kinyozi mwenyewe, Breki, dereva wa malori aliyestaafu, na mimi, ambaye hapa naitwa Injinia. Kahawa ilikuwepo, lakini macho yetu yote yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa Mama Pindo, fundi cherehani. Wiki iliyopita mama huyo alichukua kompyuta kuukuu yenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, akaweka programu ya seva ya ujumbe, na sasa nusu ya mtaa inaandikiana kupitia sanduku lililo chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Zahanati imesikia, nayo inatafuta fundi wa kuiwekea kama hiyo. Kazi hiyo niliitaka mimi. Programu ileile nilihangaika nayo wiki tatu dukani kwangu na haikuwaka hata siku moja. Nasema wazi, nilikuwa na wivu, tena ule wa kumkata mtu hamu ya kula.

Spika: Mke wangu siku hizi anacheka na simu. Nikimuuliza kulikoni, ananijibu, "Mambo ya seva." Seva! Mtu ambaye mpaka jana redio namzimia mimi!

Breki: Wangu ndiyo usiseme. Kaingizwa humo tangu Jumatatu. Mimi nani kanialika?

Mimi: Mnababaishwa. Ile si seva ya maana. Seva inataka chumba chenye ubaridi, inataka mtu aliyesomea.

Spika: Basi wewe uliyesomea, ya kwako ilikwama wapi?

Mimi: Haikukwama. Niliisimamisha kwa sababu za usalama.

Breki: Wiki tatu?

Mimi: Usalama si mchezo, mzee.

Ukweli ni kwamba nilikwama palepale kila siku. Programu inaingia vizuri, naiamuru iwake, inatema mistari myekundu kama kumi ya kueleza hitilafu, inazima. Ile mistari sikuisoma. Fundi akianza kusoma mbele ya wateja, wataona hajui kazi. Kwa hiyo nilikuwa nafuta kila kitu, naweka Linux upya, naanza moja. Nilifanya hivyo mara tisa.

Spika: Mimi naona kuna mtu anamwekea. Jumanne alikuja bwana mmoja wa miwani.

Breki: Yule alikuja kupunguziwa suruali.

Spika: Suruali moja, saa nzima?

Breki: Hukuliona tumbo lake? Sikiliza, nimekaa nyuma ya usukani miaka thelathini, injini ikibadilika mlio najua. Cherehani ya yule mama inalia tofauti siku hizi. Seva imo mle mle. Akikanyaga, ujumbe unakwenda.

Spika: Ndiyo maana jana Mama Pindo alipokwenda sokoni mke wangu hakucheka!

Wote wawili wakanigeukia, wakisubiri neno la mtaalamu.

Mimi: Kitaalamu, inawezekana.

Nilijua ni upuuzi mtupu. Lakini bora iwe cherehani kuliko akili ya Mama Pindo.

Spika: Subiri, kuna kubwa zaidi. Yule mama ana vipimo vya mtaa mzima. Kiuno, bega, kifua, vyote anavyo. Akivitia kwenye seva, anajua nani kanenepa na nani kakondeshwa na mawazo. Mwakani anagombea uenyekiti wa mtaa, mtanikumbuka.

Breki: Na atapita. Wapiga kura anawajua kwa sentimita!

Tulikuwa bado tunacheka, mimi kwa sauti kuliko wote, mlango wa ng'ambo ulipofunguka. Akatoka muuguzi wa zahanati na sare yake nyeupe. Akavuka moja kwa moja hadi kwetu.

Muuguzi: Habari za asubuhi, baba zangu. Injinia ni yupi?

Spika akanisukuma kwa kiwiko.

Mimi: Ni mimi, Sista.

Muuguzi: Natoka kwa Mama Pindo. Tulitaka atuwekee seva, wauguzi wa zamu waandikiane badala ya kupanda na kushuka ngazi. Amekataa. Anasema si haki aje yeye wakati mwalimu wake yupo.

Breki: Mwalimu wake nani?

Muuguzi: Si huyu? Anasema alikuwa anakaa dukani kwako akisubiri pasi yake itengenezwe. Kila ulipoiwasha seva, mistari myekundu ikatokea, yeye aliinakili kwenye daftari lake la vipimo. Akaenda nayo nyumbani, akaisoma mstari kwa mstari, akarekebisha, yake ikawaka. Anasema bila wewe asingefika popote. Kwa hiyo kazi ni yako, Injinia.

Pasi hiyo naikumbuka. Nilimweka siku nne, na kila alipoinama kutazama kioo cha kompyuta nilimwambia, "Mama, unanizibia mwanga."

Muuguzi akatoa kalamu.

Muuguzi: Nisaidie kidogo tu, daktari ataniuliza. Ile mistari ilikuwa inasema nini?

Breki akachungulia ndani ya kikombe chake. Kazi ilikuwa imeletwa mpaka kwenye benchi, na ningeweza kutaja umeme, au mtandao, au neno lolote gumu, yule binti angeliandika.

Mimi: Sijui, Sista. Sikuisoma.

Nikaweka kikombe chini, nikavuka barabara kwenda kuomba kuliona daftari. Wivu haukubaki benchini, nilivuka nao, na Mama Pindo alinifungulia akiita, "Karibu, mwalimu."