Mguu wa Rwegasira na Madaktari wa Izigo

Mwaka ule wa hamsini na saba, homa ya mafua ilipofika Buhaya, kijiwe chetu cha Izigo kilipata madaktari watatu kwa mpigo. Karugendo tulimwita Dokta, maana aliwahi kupiga deki zahanati. Lameki alikuwa Gazeti. Lwakatare, aliyerudi na kofia kutoka vita vya Burma, alikuwa Sajini. Siku nne nyuma jirani yetu Rwegasira alianguka kutoka juu ya lori la kahawa, mguu ukavunjika vibaya. Hospitali huko Bukoba ilikubali kumpasua, na lori la kumchukua lingepita barabara kuu siku hiyo saa nane mchana. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela na wanaume wa kijiji, wala haombi. Tuliitwa tangu asubuhi. Lakini watoto wake walikuwa wanakohoa, basi tukaona kwanza tujadili, huku tukitafuna buni za kahawa.

— Kupasuliwa wakati huu wa mafua ni kujiua, alisema Dokta. Mafua yanaingia kwenye kidonda, yanashika mfupa.

— Mfupa unakohoa? nikauliza.

— Unakohoa kwa ndani. Wewe hujasoma.

— Wewe umesoma wapi, kwenye ndoo ya deki?

— Mwacheni, alisema Gazeti. Yule Mujuni wa Kibeta si walimpasua juzi juzi? Mguu umetoka mfupi, shubiri nzima!

— Shubiri? Sajini akadakia. Mimi nimesikia wameukata wote. Madaktari wanaumwa mafua, anayepasua sasa ni mpishi.

— Waitu! nikashangaa.

— Mpishi kabisa! Tena amefunga kitambaa mpaka machoni, anapasua kwa kupapasa. Chuma cha kuunga mfupa katia kwenye mguu ambao haukuvunjika.

— Si umesema wameukata? nikauliza.

— Wamekata mmoja, chuma wakatia wa pili. Sikiliza vizuri, bwana!

— Na chuma chenyewe ni springi ya lori la vita, alisema Dokta. Radi ikipiga mbali huko Ngenge, inamtafuta yeye Kibeta.

— Kwa hiyo amekufa? nikauliza.

— Wiki iliyopita, alisema Gazeti. Mazishi niliyakosa kwa ajili ya haya mafua.

Tukasikitika kidogo, tukaongeza kahawa. Kwa huruma tuliyokuwa nayo, tuliona ni dhambi kumpeleka Rwegasira kwa watu wa namna hiyo. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

Ndipo machela ikatokea kwenye migomba. Mbele ameshika Celina, mke wa Rwegasira, jasho linamtoka. Rwegasira mwenyewe kalala humo, ameuma meno. Nyuma ameshika Mujuni wa Kibeta, na miguu yake yote miwili, anachechemea kidogo tu. Wakaitua mbele yetu.

— Habari za hapa, wazee, alisema Mujuni. Nimesikia mwenzangu kavunjika, nikaja. Mama huyu mikono imemchubuka, na barabara bado iko mbali. Nani anashika mbele?

Dokta akamtazama Gazeti. Gazeti akatazama mawingu. Sajini akaanza kukohoa, kikohozi ambacho hakuwa nacho tangu asubuhi. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikainama upesi kufunga kamba za viatu. Nilikuwa peku.