Mshale Aliyeishi Kama Nge

Mheshimiwa Meya Radivoj Ostojin; Baba Padri Gavrilo na Baba Padri Imre, ambao angalau mara hii moja mmekubaliana tarehe; Bi Dragana, mkurugenzi mpya wa jumba hili la makumbusho; walimu, majirani, na wewe Bibi Gertruda, uliyechagua kiti cha mbele ili unikatize nikikosea: karibuni nyote, na poleni kwa viti.

Nimeambiwa niage kwa dakika tano. Mheshimiwa Meya, mimi nakujua tangu ulipokuwa darasa la tatu, siku ile ya barafu ulipogandisha ulimi kwenye kitasa cha mlango huu, nikaja kukunasua kwa chai ya moto. Kwa hiyo utanivumilia.

Kwa miaka ishirini na minane nimesimama mbele ya wageni nikiwaambia kwamba Teofan Vukajlov, aliyepaka rangi watakatifu wa kanisa letu na kuchora picha za kitabu cha kalenda cha Haberl karibu maisha yake yote, alikuwa mtu wa nyota ya Nge. Niliwaambia wayatazame macho yake katika picha aliyojichora mwenyewe, jinsi yanavyoficha mambo. Wageni waliitikia kwa vichwa, wanafunzi wakaandika madaftarini. Nilikuwa nawadanganya bila kujua, na leo naondoka, sitaki kwenda nyumbani na uongo huo.

Mwaka 1866 Teofan alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na alimpenda Rozalija, binti wa mwenye kiwanda cha uchapaji, Bwana Haberl. Wao Wakatoliki, yeye Mworthodoksi. Haberl hakukataa. Alitaka jambo moja tu, kwamba mzee Ignac, mnajimu aliyeandika utabiri wa mvua na bahati katika kitabu cha kalenda, ampigie kijana falaki. Ignac akaenda kanisani, akaona kwenye daftari la ubatizo kwamba amezaliwa Novemba kumi na mbili, akarudi, akakaa na majedwali yake siku tatu.

"Wewe ni Nge," alimwambia, "na Mirihi imekaa kwenye nyumba yako ya ndoa. Mke utakayemwoa hatakula mkate wa mavuno ya pili."

Niwaulize, ninyi mngefanyaje? Mnampenda mtu, na mnaambiwa kwamba pete yenu ndiyo itakayomzika. Teofan hakumwambia Rozalija hata neno. Alimwambia anakwenda Vienna kujifunza rangi za mafuta.

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

"Basi ukishajua," Rozalija akasema, "mwambie mume wangu."

Na kweli, aliporudi baada ya mwaka na nusu alimkuta ameolewa na mwenye duka la dawa, nyumba inayotazamana na hii, iliyokuwa ya Teofan. Hapo ndipo Teofan alipoanza kuwa Nge. Nasema alianza, kwa sababu barua za rafiki zake wa utotoni zinamtaja mtu mwingine kabisa: mpayukaji, mpenda safari, asiyeweza kutunza siri hata ya zawadi ya Krismasi. Sasa akawa mtu wa kunyamaza. Alikataa kazi Budapest, akakataa kazi Trieste, akakaa juu pale, kwenye chumba chenye dirisha, akichora. Alisoma kila kitu kuhusu nyota yake akajikata na kujishona kama nguo mpaka akafanana na huyo Nge. Hata mwenye duka la dawa alipofariki, mwaka 1889, Teofan alivuka mtaa mara moja tu, akatoa pole, akarudi.

Miaka miwili iliyopita paa letu lilivuja. Nililazimika kutandaza vitabu vyote vya kalenda sakafuni vikauke, na kwa bahati kila kimoja kilifunguka mwezi wa Agosti, kwenye nyota ya Mashuke, yule msichana aliyeshika suke la ngano. Nilipiga magoti katikati yao nikiwa na kitambaa mkononi, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona maisha yangu yote ya kazi. Msichana wa Mashuke alikuwa anazeeka. Mwaka 1869 ana nywele mgongoni. Mwaka 1875 amenenepa, ana mimba. Mwaka 1890 amevaa kitambaa cheusi. Mwaka 1896 ana miwani. Katika anga zima, ndugu zangu, nyota moja tu ndiyo iliyokuwa inapata mvi.

Nilikwenda kwa Bibi Gertruda, kitukuu cha Rozalija, nikamwonyesha. Akaangalia, akasema, "Umechelewa kidogo tu, mwanangu," akafungua kabati na kunipa daftari la Rozalija. Ninachowaambia sasa kimetoka humo.

Mwaka 1898 Rozalija alivuka mtaa mwenyewe, kalenda ya mwaka huo mkononi, akapanda ngazi hadi chumbani kwa Teofan.

"Bwana Teofan, kidevu cha pili hiki umekitoa wapi?"

"Ni Mashuke tu huyo, mama. Nyota haina kidevu."

"Nyota ina miwani yangu. Ina hereni zangu. Miaka thelathini nanyamaza mji mzima unanitumia kukisia mvua. Leo utaniambia ulikimbia nini."

Akamwambia. Nge, Mirihi, mavuno ya pili, vyote. Rozalija hakuketi mpaka alipomaliza.

"Ulizaliwa lini?"

"Novemba kumi na mbili."

"Yenu au yetu?"

Ndugu zangu, hakuna mtu katika mji huu asiyeuliza swali hilo. Tunaliuliza tukialikwa harusi, tukinunua bata wa Krismasi. Waorthodoksi wanahesabu kwa kalenda ya zamani, Wakatoliki kwa mpya, na wakati ule tulipishana siku kumi na mbili. Mzee Ignac alikuwa Mkatoliki. Alichukua tarehe ya Waorthodoksi akaisoma kama yake, akiwa ndani ya kiwanda ambacho kila mwaka kilichapa tarehe zote mbili bega kwa bega.

"Yetu," Teofan akasema.

"Basi kwetu ni ishirini na nne. Wewe ni Mshale, mpumbavu wewe. Huna Nge yeyote." Kisha, Rozalija anaandika, yeye mwenyewe alilia mpaka miwani ikamtoka.

Walioana Februari iliyofuata, mara mbili, kwa Baba Padri wa huku na wa kule. Laiti ningeweza kuwaambia kwamba Teofan alikuwa mtu huru kuanzia siku hiyo. Hofu aliyoifuga miaka thelathini na miwili haikuondoka kwa kuongeza siku kumi na mbili. Mwezi Machi mwaka 1900 Rozalija alipata homa ya mapafu, na Teofan alikaa kando ya kitanda akihesabu miezi iliyobaki kufika mavuno ya pili. Hakuchora. Hakula. Rozalija alipopona, Teofan bado hakuchora. Alimfuata jikoni, akamfuata kisimani, kama mtu anayelinda taa kwenye upepo.

Julai ngano mpya ikaja. Rozalija alikanda, akaoka, akaweka mkate mezani, akakata kipande, akakila mbele yake mpaka makombo.

"Nimekula," alimwambia. "Sasa chukua penseli."

Bi Dragana, nakuachia funguo hizi, na nina ombi moja. Kibao cha mlangoni kinachosema "Nge" kiondoe. Mahali pake tundika Mashuke wa kalenda ya 1901. Wale wote wa kabla yake wanatazama pembeni, kwa sababu aliwachora kwa kuchungulia dirishani. Huyu ana miaka hamsini na mitano, ana videvu viwili, mashavu yamejaa mkate, na anamtazama usoni yule anayemchora.

Namshukuru kila mmoja wenu kwa kuvumilia kiti kibovu na mwanamke mwenye maneno mengi. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu leo.