Sauti Niliyomsingizia Wifi Yangu

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu. Nawasalimu nyote, na nyinyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango pia. Wanaonijua huniita Mama Stella. Nashona sare za shule hapa Kayole, katika nyumba ninayoishi, orofa ya tatu. Nimeomba nafasi leo nieleze mambo yaliyonipata kwa muda wa karibu miaka miwili. Nitayasema jinsi yalivyokuwa, hata yale ya kuniaibisha, maana nikiyaacha hayo nitakuwa nimewadanganya.

Ilianza siku ya kazi, saa tano hivi asubuhi. Nilikuwa napinda marinda ya sketi. Niliposimamisha cherehani ili nikate uzi, nikasikia mtu anafagia. Shu, shu, shu, kama fagio la njiti kwenye sakafu ya simiti. Nikadhani ni jirani wa juu. Nikaendelea na kazi. Lakini kila nikisimamisha mashine, fagio lipo. Baada ya saa nzima nikapanda ngazi nimwombe apumzike kidogo. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli la nje. Nikasimama pale kwenye korido, na fagio halikukoma. Lilikuwa ndani ya sikio langu la kulia.

Ndugu zangu, sikushtuka sana siku hiyo. Nilidhani ni maji yameingia nikioga. Nikaruka kwa mguu mmoja kama watoto wanavyofanya. Hayakutoka maji wala chochote.

Wiki ya pili nikaenda kwa duka la dawa, nikapewa matone. Nikatia matone siku saba, sauti ikabaki. Nikaenda kliniki wakanisafisha sikio, wakasema hakuna nta ya kutosha kuziba hata nusu ya tundu. Mteja mmoja akaniambia nifunge kitunguu saumu ndani ya pamba nikiweke sikioni. Nilifanya hivyo, na kwa siku mbili nyumba nzima ikanuka. Mume wangu, Baba Stella, ambaye ni fundi wa mabomba, akasema lazima ni cherehani, kwa kuwa nimekaa nayo miaka kumi na nane. Basi nikaacha kushona wiki mbili, na ilikuwa karibu shule zifunguliwe. Wateja wakaenda kwa mafundi wengine. Ukimya wa nyumba ukaifanya ile sauti isikike zaidi.

Mwishowe nikaenda hospitali kubwa, kitengo cha masikio. Wakaniingiza kwenye kijumba kidogo kisichopitisha sauti, wakanivisha vifaa masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Yule mpimaji akaja na karatasi, akaniambia masikio yangu ni mazima, mazuri kuliko ya watu wengi wa umri wangu. Alikuwa na haki ya kutarajia nifurahi. Mimi nilitoka pale nimeishiwa nguvu. Kama sikio ni zima, basi ni nini kinachofagia humo ndani?

Sasa nisimame kidogo niseme jambo ambalo hakuna daktari hata mmoja aliyelijua, kwa sababu sikumwambia yeyote. Kwa miaka mitatu nilikuwa napoteza damu nyingi kila mwezi. Si siku nne au tano. Zilikuwa siku kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Nilishona sketi nzito za rangi nyeusi na za bluu iliyokolea, nikavaa hizo tu. Mkija kwangu mlikuwa mnaona fundi anayependa nguo za giza. Ngazi za nyumbani nilizipanda kwa vituo viwili. Katika droo ya cherehani, mahali pa kuweka bobini za uzi, nilikuwa na karatasi ya odowa, yale mawe laini tunayouziwa sokoni, na nilikuwa nayatafuna kutwa kama mjamzito. Nilijiambia kila mwanamke aliyepita miaka arobaini anaishi hivyo. Mama yangu hakuwahi kuniambia mambo hayo, nami sikumwambia Stella. Hayo niliyaweka upande mmoja, na mambo ya sikio upande mwingine. Sikuwahi kufikiri kwamba yanahusiana.

Baada ya hospitali nikaleta jambo langu katika ushirika wetu wa Alhamisi mchana. Wengi wenu mlikuwepo. Mliniombea kwa moyo, na ninawashukuru. Mama mmoja wa maombi akasema anaona kwamba sauti ile imeletwa na mtu wa karibu, mtu aliyewahi kuligusa hilo sikio. Ndugu zangu, nataka hili lieleweke vizuri. Yule mama hakutaja jina. Jina nililitoa mimi.

Nilimtaja Rosa. Rosa ni dada mdogo wa mume wangu. Anapika katika shule moja, na anaishi kule Ziwani katika nyumba waliyokulia. Mwaka mmoja kabla ya sauti kuanza, mdudu aliniingia sikioni nikianika nguo. Rosa ndiye aliyekuwepo. Alipasha mafuta ya kupikia, akayapima kwenye mkono wake kwanza yasiniunguze, akanilaza kichwa kwenye mapaja yake, akatia matone machache. Mdudu akatoka. Lilikuwa sikio lile lile la kulia. Nilipoambiwa maneno ya mtu aliyeligusa, picha hiyo ikaja mara moja. Nikasimama mbele ya wanawake kumi na zaidi nikasema, ni wifi yangu, ni yeye aliyenimwagia kitu.

Niliporudi nyumbani nikampigia simu. Nilimwambia asikanyage kwangu tena. Nilimwambia najua alichonifanyia, na kwamba Mungu anamwona. Akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi nilitoa mdudu. Sikuweka kitu."

Nikakata simu.

Rosa alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada. Ndiye aliyekuwa anamsuka Stella nywele za shule. Na ndiye peke yake aliyewahi kuniambia kwamba nimepauka, niende nikapimwe damu. Nilimjibu siku hiyo kwamba ni poda niliyopaka. Baada ya ile simu hakuja tena. Baba Stella alijaribu kuniuliza mara mbili tatu, nikamwambia achague. Akawa anaenda Ziwani peke yake, akirudi hasemi alichoongea na dada yake. Stella akaanza kunyoa nywele. Ilipita miezi tisa hivyo. Na sauti haikuondoka. Hilo pekee lingenitosha kujua kwamba nimekosea, lakini mimi niliona ni ushahidi kwamba Rosa hajakoma.

Ndugu zangu, nilikuwa naomba. Msije mkadhani niliacha kuomba. Nilifunga, nikaomba maneno yale yale kila siku: Bwana, inyamazishe hii sauti. Bwana hakuinyamazisha. Nilianza kumwona kama mtu aliyekaa sebuleni anakusikia ukiita kutoka jikoni na hainuki.

Kisha nikapata kazi ya kuwashonea sare wafanyakazi wa zahanati ndogo kule Njiru. Nikaenda na tepu yangu kuwapima. Vyumba viko juu, ngazi kama ishirini. Nilifika nikiwa nahema, nikaomba kiti. Wa kwanza kumpima alikuwa daktari wao, msichana anayeitwa Akinyi, pengine ana miaka michache tu kumpita Stella. Nilipozungusha tepu kiunoni mwake, akaushika mkono wangu, akaangalia kucha. Akaniuliza kwa nini nimeinamisha kichwa upande mmoja. Sikujua kwamba nakiinamisha. Nikamwambia kwa kifupi kuna sauti sikioni, lakini nimeshapimwa na sikio ni zima.

Akaniambia nikae mezani. Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akasema, "Mama, kwa huu mkono mwingine nigongee mezani hiyo sauti jinsi inavyoenda."

Nikagonga. Shu, shu, shu. Akasema niendelee. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, haniangalii mimi. Kisha akaniomba nishuke zile ngazi, nipande tena, nikae pale pale. Niliporudi sauti ilikuwa inakimbia, na kidole changu kikakimbia nayo. Aliushika tena mkono, akahesabu, halafu akasema, "Hakuna mtu aliyekuwekea hii, mama. Hii ni damu yako mwenyewe unaisikia ikipita. Ni nyepesi sana, na moyo unaisukuma kwa nguvu."

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu mtu. Sijui kwa nini alilisema hilo neno. Labda wagonjwa wengi huja na mawazo kama yangu.

Akanivuta ngozi ya chini ya jicho, akaangalia. Kisha akauliza, bila haraka, "Unaipoteza wapi?"

Nikaangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. Ndugu zangu, miaka mitatu nilikuwa sijamwambia mume wangu, sijamwambia mama yangu, sijawaambia nyinyi mlioniwekea mikono. Nilimwambia msichana niliyekwenda kumpima kiuno. Sikulia. Nilihesabu tu siku kwa vidole, mwezi kwa mwezi, naye akaandika.

Mtu wa maabara alitoa damu akapima, akaenda akarudia kupima, kwa vile hakuamini kwamba nimepanda ngazi kwa miguu yangu. Siku hiyo hiyo nikapelekwa hospitali kubwa. Wakakuta uvimbe kwenye mji wa uzazi, zaidi ya mmoja. Wakasema lazima nipasuliwe, lakini kwanza niongezewe damu, na watu wa familia waje kutoa damu ya kurudisha kwenye benki ya damu. Daktari wa wodi aliniambia wazi kwamba ningekaa wiki chache zaidi, moyo ungeshindwa.

Baba Stella alikwenda kutoa, wakamkataza kwa sababu ya presha. Alikaa kwenye benchi akampigia dada yake bila kuniuliza. Rosa alitoka kazini akaja vile alivyokuwa, na aproni ndani ya mkoba. Akatoa damu. Akakunja mkono wake, akanywa soda waliyompa, akaondoka. Wodini hakuingia. Mimi niliambiwa kesho yake.

Ili nisiseme uongo, damu iliyoingia mwilini mwangu huenda haikuwa ya Rosa. Muuguzi alinieleza kwamba kila chupa inaingia benki, na unapewa inayolingana nawe. Pengine nina damu ya mtu nisiyemjua. Lakini Rosa alipoketi kwenye kile kiti hakuwa anafikiria mambo ya benki.

Sauti haikukatika ghafla. Ilipungua siku kwa siku, kama mtu anayefagia akielekea mbali. Siku ya nne baada ya upasuaji, asubuhi, toroli la chai lilipita wodini, na nikagundua kwamba nasikia magurudumu yake tu. Nikaziba sikio la kushoto. Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Nilikaa pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Niliporuhusiwa kutembea mbali, nikaenda Ziwani. Rosa alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, na yote yakanitoka. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nilingoja miezi tisa uniulize. Hukuniuliza hata siku moja."

Aliinuka akaniwekea kiti, akachemsha chai, tukanywa. Aliniambia hana kinyongo, ila nisimwambie asahau, kwa kuwa mpaka leo kuna wanawake wa ushirika wetu wakikutana naye kituoni wanahamia upande wa pili wa barabara. Hilo sikulijua. Mimi nilikuwa nimeondoka na sikio langu zima, yeye amebaki na jina nililompa.

Ndiyo sababu nimesimama hapa. Nililisema jambo hilo mbele ya watu, siwezi kuliondoa kwa chai ya watu wawili. Kwa hiyo naliondoa mbele yenu. Wifi yangu Rosa hakunifanyia ubaya wowote. Alinitoa mdudu sikioni, akaniambia nikapimwe damu, na nilipokuwa nakufa akatoa damu yake. Kama kuna mtu niliyempa neno langu lile la kwanza, nampa na hili la leo, alipeleke kila alikolipeleka lile la kwanza.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Nilimwomba anyamazishe, akakataa, na sasa namshukuru kwa kukataa. Angeinyamazisha, ningeendelea kushona sketi nyeusi mpaka nianguke juu ya cherehani, na Stella angenikuta hapo akitoka shule. Namshukuru kwa yule msichana wa Njiru na vidole vyake viwili. Namshukuru kwa mume wangu ambaye hakuchagua.

Na wewe unayenisikiliza, hasa wewe mama uliyeketi ukijua kabisa nazungumza nawe, nakualika umtegemee Mungu huyu. Mimi nilidhani kumtegemea ni kuvumilia kimya. Mtegemee kiasi cha kulisema lile unaloficha, ulimwambie mtu anayeweza kukupima. Baada ya ibada nitakuwa pale kwenye benchi chini ya dirisha. Njoo tukae. Kesho nakwenda Njiru kupeleka zile sare, zahanati inafunguliwa saa mbili, na kama unaogopa kupanda zile ngazi peke yako, tutapanda pamoja.

Bwana awalinde nyote. Amina.