Kila Mtoto Honi Moja

VELMA: Haloo? Ni nani?

GEDION: Mimi, Gedion. Simu yangu imezima, nimeazima ya Mwarandu, askari wa geti.

VELMA: Geti lipi? Si uko bandarini Kipevu unapakia kontena?

GEDION: Niko Chaani, shuleni kwa binti yetu.

VELMA: Umefika kweli?

GEDION: Nimefika.

VELMA: Na hukuleta keki? Barua ya shule ilisema siku ya kuzaliwa hakuna keki, peremende, soda—

GEDION: Nimeisoma mara tatu. Nikaleta njugu.

VELMA: Afadhali.

GEDION: Mwalimu Kache akazirudisha. Kuna mtoto njugu humvimbisha midomo.

VELMA: Sasa wamepewa nini?

GEDION: Hapakuwa na kitu. Lynnette akaniangalia, machozi yanamlengalenga—

VELMA: Maskini mwanang—

[Pooooo!]

VELMA: Gedion, hiyo ni meli?

GEDION: Lori.

VELMA: Lori la nani?

GEDION: La tajiri wangu. Nimeliegesha nje ya geti. Mwalimu aliniuliza kama nina kitu kingine, nikamwambia nina honi.

VELMA: Ati una nini?

GEDION: Kila mtoto anapanda, anavuta kamba ya honi mara moja, anashuka. Mwalimu yuko ndani anawasaidia. Amevaa kofia yangu.

VELMA: Darasa lina watoto arobaini!

GEDION: Na mmoja. Tuko—

[Pooooo!]

GEDION: —kwa wa thelathini na nane.

VELMA: Na mwalimu mkuu je?

GEDION: Alikuja mbio, miwani mkononi. Lynnette akamwamkia vizuri, akamwonyesha mwisho wa foleni. Yuko nyuma ya mama anayeuza viazi karai.

VELMA: [anacheka] Wewe utafukuzwa kazi.

GEDION: Labda.

VELMA: Mwaka jana siku kama ya leo ulikuwa mpakani Malaba.

GEDION: Najua.

VELMA: Na mwaka juzi—

GEDION: Najua, Velma.

[mtandao unakwaruza]

VELMA: Lynnette anasemaje?

GEDION: Anasema "huyu ni babangu" kwa kila anayepanda. Hata kwa Mwarandu, na Mwarandu ananijua.

VELMA: [anapenga kamasi]

GEDION: Uko? Salio la watu linaisha. Sikiza, yeye amepewa honi saba, kwa miaka yake. Amevuta sita. Ya saba amekataa mpaka wewe uwe kwenye simu.

VELMA: Mimi? Niko kazini, Gedion, nimezungukwa na mashuka ya hoteli—

GEDION: Weka spika. Lynnette, haya!

[Pooooooooo—]

VELMA: Nimesikia! Mwambie nimesikia, na huku Bamburi wamesi— Gedion? Haloo?