Kreni ya Dorine na Redio ya Konstebo

Leo ni Ijumaa, tarehe ishirini na saba Novemba, 1998. Nimeishi mbali na Kehancha, nilikozaliwa, miaka thelathini na mmoja.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya; Mama Jerusha, mkuu wa chuo chetu; Bwana Japheth, mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi; walimu wenzangu, wazazi mliotoka Sori, Ndhiwa, Migori na mbali zaidi, nanyi wahitimu, mlioketi juani huku sisi tukipewa kivuli cha turubai: nawasalimu, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi, Mwalimu Mniko, nimeombwa niseme machache kwa kuwa nastaafu. Mtu aliyefundisha uchoraji wa kiufundi maisha yake yote hana mengi ya kujisifia. Kazi yake ni mistari, na mistari hufutika. Kwa hiyo nitaeleza habari za kitu kile kilichosimama mlangoni mwa karakana, ambacho wageni wamekiulizia tangu asubuhi. Si mnara wa simu. Ni kreni ya ujenzi, iliyopunguzwa mara kumi na tano. Inainua, inashusha na inazunguka, bila mtu kuigusa, kwa amri inayopita hewani.

Mwaka jana Bwana Japheth alikuja hapa akatuambia waziwazi, na namshukuru kwa uwazi ule: "Karakana hii inafundisha kuchomelea milango. Fundi yeyote wa jua kali hapo barabarani anafundisha milango. Nionyesheni kitu kimoja ambacho barabarani hakipo, la sivyo mwisho wa muhula naifunga."

Kwa wanafunzi, maana yake ilikuwa kurudi nyumbani bila cheti. Kwangu, maana yake ilikuwa kurudi nyumbani, basi. Nyumba ninayokaa ni ya mwalimu wa karakana. Karakana ikifungwa, nyumba inakabidhiwa, nami ninapelekwa kwetu. Na kwetu ni wapi? Ni Kehancha. Mwaka 1967 ng'ombe wetu walichukuliwa, wakafuatwa, watu wakauawa upande wa pili, wa ukoo jirani, na upande wa pili ukaja kwetu na moto. Mimi nilitoka. Kaka yangu hakutoka. Tangu siku ile nimesoma kila kitabu nilichoweza kukipata katika wilaya hii, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha namna ya kulala usingizi mahali pale.

Wazo la kreni lilikuwa la Dorine, binti wa Sori, ambaye leo anapokea cheti. Aliwahi kuiona moja Kisumu, alipompeleka shangazi yake hospitali. Alinieleza jinsi alivyokaa ng'ambo ya barabara akiitazama hadi shangazi akakasirika, akamuuliza kama amekuja kutibiwa yeye. Nilimwambia achore kwanza. Alichora, nikafuta, akachora tena. Mnara na mkono akaviunda kwa spoku za baiskeli, akizichomelea moja moja, na zilipopinda kwa joto alizikata akaanza upya. Mota ya kuzungusha ilitoka kwenye waipa za pikapu iliyokufa. Kamba ni uzi wa nyavu. Uzito wa nyuma, ule unaozuia kreni isianguke kifudifudi, ni risasi za kuzamishia nyavu za uvuvi alizopewa na baba yake, ambaye naambiwa hadi leo anauliza zitarudi lini.

Redio ya kreni ilitengenezwa na Cephas, fundi wa redio aliyekuja kwetu kujifunza kuchomelea. Alivunja magari mawili ya kuchezea, ya rimoti, akaunganisha matumbo yake. Mama Jerusha alipoona vipande vile mezani, aliuliza, "Cephas, hii ni kazi au ni ajali?" Cephas akasema, "Madam, kwa sasa ni ajali."

Kreni ilifanya kazi. Kisha, siku moja kabla ya ukaguzi, konstebo mmoja alikuja kukagua uwanja kwa ajili ya usalama wa mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali. Mnakumbuka ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kila mkutano ulikuwa na macho. Tukiwa tumesimama, hakuna aliyeshika rimoti, kreni ikazunguka yenyewe na kuangusha tofali lililokuwa mzigo wake. Wanafunzi wakaanza kunong'ona kuhusu mashetani. Cephas akamtazama konstebo, akatazama kreni, akasubiri konstebo azungumze tena na kituo kwa redio yake. Kreni ikazunguka tena.

"Mwalimu," akaniambia, "si shetani. Ni serikali."

Mnacheka leo. Siku ile hatukucheka. Ni nani, mwaka ule, angemwambia afisa wa polisi azime redio yake mbele ya mkubwa wake?

Siku ya ukaguzi ikafika. Mgeni rasmi akaketi mbele, konstebo yule yule akasimama nyuma ya kiti chake, redio mkononi. Bwana Japheth akasogeza kiti chake chini kabisa ya mkono wa kreni. "Kama mnaiamini," akasema, "pitisheni hilo tofali juu ya kichwa changu." Watu wakafurahi. Dorine akaweka rimoti mezani.

"Siinui, bwana."

"Umeogopa?"

"Ndiyo. Naogopea kichwa chako."

Akaeleza habari za redio, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua itanyesha. Mgeni rasmi hata hakumtazama. "Redio ya serikali haizimwi kwa ajili ya kidude cha watoto," akasema. Bwana Japheth akafungua kalamu. "Basi nitasema imeshindwa." Mama Jerusha, ambaye alikuwa na chuo kizima mabegani, akamsogelea Dorine. "Mamaa, inua tu. Itapita."

"Madam, ikipita itakuwa bahati. Bahati siijui kuiendesha."

Nilihesabu moyoni nini kingefuata: karakana, vyeti, nyumba. Kisha nikainuka, nikapita nyuma ya viti hadi kwa konstebo. Tangu jana yake nilikuwa nimemsikia akitamka Kiswahili jinsi tunavyokitamka kwetu. Nikamuuliza kwa Kikuria, lugha ambayo sikuwa nimeitumia mbele ya watu kwa miaka, anatoka upande gani. Akautaja mlima wao.

Ndio upande uliokuja kwetu na moto mwaka ule. Yeye hakuwa amezaliwa.

"Na wewe, mzee, ni wa nani?" akauliza. Nikamtajia jina la baba. Nikaona amelijua. Bila shaka kwao pia habari ile husimuliwa, kwa namna yao. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha redio.

"Tata," akasema, kama kijana wa kwetu anavyomwita baba yake na kila mzee wa rika la baba yake, "ukiniamuru, nitatoka."

"Siwezi kukuamuru. Mkubwa wako yuko hapa mbele. Nakuomba."

Akainama kwa mgeni rasmi. "Mkubwa, naenda kuangalia barabara."

"Nani amekutuma?"

"Ni barabara tu, mkubwa."

Akaondoka bila kungoja jibu. Tulimtazama akivuka uwanja, akitoka langoni, akipita vibanda, hadi kofia yake haikuonekana tena. Dorine akachukua rimoti, akavuta antena. Tofali likainuka. Mkono ukazunguka polepole, na juu kabisa ya kichwa cha Bwana Japheth akausimamisha, kwa sababu tofali lilikuwa linabembea.

"Usisogee, bwana," akamwambia.

Bwana Japheth hakusogea, na naona leo amechagua kiti cha mbali kidogo. Tofali likabembea, likapunguza mwendo, likatulia. Kisha likapita, likatua juu ya pipa taratibu kama sahani mezani. Karakana haikufungwa. Wahitimu kumi na wanne walioketi pale juani ni wake.

Mwezi uliofuata, Konstebo Wesley Nyamohanga alihamishiwa mbali, kaskazini. Simlaumu mtu, kwa kuwa sijui sababu. Lakini Mheshimiwa, wewe ni mgeni katika wilaya yetu na una uwezo wa kuuliza: uliza alipo. Katika shukrani zote zilizosomwa leo jina lake sikulisikia, na kati ya wote waliokuwapo siku ile ni yeye peke yake ambaye hakuiona kreni ikifanya kazi. Alikuwa barabarani, ametugeuzia mgongo, ameshika redio ambayo hakuthubutu kuitumia.

Jioni ya siku ile ya ukaguzi nilimkuta langoni. Nilimshukuru, hakutaka shukrani. Akasema, "Tata, shamba lenu lipo. Hakuna aliyelilima. Wazee wa kwetu wanasema Mniko akirudi, hatazuiwa. Utarudi?" Nilimwambia nitafikiri. Alistahili jibu bora zaidi, lakini siku ile sikuwa nalo, na kabla sijalipata akawa amehamishwa.

Kamati ya kuniaga imenifanyia wema mkubwa. Imeninunulia mabati ya kuezekea nyumba kwetu, na imeagiza lori la kesho asubuhi, kama inavyofanyiwa kila mwalimu anayestaafu. Nawashukuru kutoka moyoni. Naomba lori lisitumwe. Nimepata chumba Ndhiwa, karibu na soko, chenye dirisha linalotosha meza ya kuchorea. Yule kijana aliniuliza swali la haki, nami nimelifikiria mwaka mzima na zaidi, bila hasira, nikijua kwamba njia iko wazi na kwamba waliofunga njia ile wengi wao wamekufa. Yeyote atakayekutana naye ampelekee jibu langu.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Sitarudi Kehancha.