Sifongo la Bwejuu na Neno Nililomficha Bi Tahera

Mheshimiwa mgeni rasmi kutoka Wizara ya Elimu, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazee mliotoka mjini na mashamba, ndugu wageni waalikwa, na wanafunzi wenzangu mliokaa chini kwa kuwa viti havikutosha: kila mmoja namsalimu kwa heshima yake, na wakubwa zangu nyote, shikamooni.

Mimi naitwa Mashavu. Wanaonijua wanashangaa kuniona hapa mbele, kwani asubuhi nikiitwa jina darasani "Naam" yangu haifiki hata dirishani. Nilichaguliwa kwa hati yangu nzuri. Mwalimu Mkuu aliniagiza niandike hotuba ya kumuaga Bi Tahera, mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na minane. Niliandika kurasa mbili za sifa, naye akaziridhia. Ninazo hapa, na kila nililoandika ni kweli. Lakini naomba ruhusa yenu niziweke kando, kwa sababu kuna jambo nimemficha Bi Tahera kwa miaka miwili, naye kesho kutwa anapanda meli kwenda kuishi kwa dada yake Dar es Salaam. Nikinyamaza leo, ataondoka akiamini kuwa alikosea. Hakukosea.

Wengi wenu mnakumbuka siku aliyokuja darasani na sifongo kavu la kuogea, akatuuliza, "Hichi ni nini?" Tukamjibu kuwa ni dodoki la baharini. "Ni mnyama," akasema. Tukacheka. Hana mdomo, hana jicho, hana mguu wa kukimbilia wala gamba la kujifunika. Amejibandika kwenye jiwe na hapo hapo atakufa. Bi Tahera akatungoja tumalize kucheka, akauliza, "Basi niambieni, mbona samaki hawammalizi?"

Swali lile nilikwenda nalo likizo, Bwejuu, kwa bibi yangu, Bi Sichana. Bibi na wenzake, maji ya bamvua yakishatoka, huenda mwambani kuokota chaza na kombe. Nikamuuliza ni kitu gani huko kisicholiwa na chochote. Hakufikiri.

"Lile jekundu. Jiwe zima limeota mwani, lenyewe halioti kitu. Ukilishika mkono unawasha. Sie hatuligusi."

"Mwalimu anasema ni mnyama, Bibi."

"Mnyama gani hana hata mdomo? Mwalimu wako huyo anakula vizuri?"

Nikarudi mjini na kipande ndani ya kopo la maji ya bahari. Bi Tahera akapika supu ya nyama, akaigandisha kwa ule mwani mkavu wa dukani wa kugandishia faluda, akaimimina kwenye visahani vya kioo, kisha akatuambia tuiguse kwa vidole visivyooshwa. Mwenzetu Kificho alifurahi kuwa mara hii uchafu wake umepata kazi. Katikati ya kila kisahani Bi Tahera akaweka kikaratasi alichokichovya kwenye maji ya sifongo, akafunika.

Siku ya tatu tulifunua. Ndugu zangu, nitasemaje? Vijidudu vya vidole vyetu vilikuwa vimeota utando kama wa maziwa, kisahani kizima. Lakini kukizunguka kile kikaratasi palibaki duara safi, angavu, kama kioo chenye vumbi kilichopanguswa kwa kidole. Vijidudu vilikuwa vimefika ukingoni vikasimama. Kiumbe kisicho na jino wala ukucha, kisicho na ubongo wa kufikiri, kimekaa chini ya maji miaka na miaka kikijitengenezea kinga yake, na sisi tulikuwa tukikipita tu. Ni nani aliyekifundisha? Na kama hichi kimoja kina hili, vile vingine vyote vilivyobandikana mwambani, kutoka Bwejuu mpaka Mkokotoni, vina nini?

Kificho akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, basi hii dawa."

"Si dawa," akasema Bi Tahera. "Kinachoua kijidudu huweza kumuua na mgonjwa. Huenda isiwe dawa maisha. Lakini ni jambo la kuulizwa, na nyinyi ndio mlioliuliza." Nilimtazama, na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

Akaandika barua kwa wataalamu wa chuo kimoja cha bara, nami nikainakili kwa hati yangu. Wakajibu kwa Kiingereza: waletewe kipande kikubwa, kisioshwe hata kidogo, kitiwe ndani ya spiriti. Bi Tahera akanipa chupa ya spiriti na ile barua. Nikarudi Bwejuu, nikakata sifongo, nikaliacha ndani ya ndoo uani, nikaingia ndani kujinyoosha. Usingizi ukanichukua.

Nilipoamka alasiri ndoo ilikuwa tupu. Bibi alikwishaliosha sifongo kwa maji ya kisima, mara tatu. Alikwishalianika juani kwenye mkeka. Nilimkuta analifukiza udi kwenye chetezo, na kitambaa cheupe kakitandika tayari cha kulifungia.

"Linakwenda kwa watu," akaniambia. "Litoke kwangu linanuka? Watasema Bwejuu hatujui kutuma kitu."

Maji ya bamvua yalikuwa yamekwisha, nisingeweza kufika mwambani kukata jingine, na kifurushi kilikuwa kinaondoka kesho yake. Nililitia sifongo ndani ya spiriti likiwa bado linanukia udi. Bi Tahera akaniuliza, "Mashavu, hukuliosha?" Nikajibu, "Sikuliosha, mwalimu." Na kweli mikono yangu haikuliosha.

Jibu la chuo lilikuja baada ya miezi minne: hawakuona chochote. Nyote mlikuwapo asubuhi ile Bi Tahera aliposimama mbele ya skuli nzima akasema, "Nilikosea. Niliwapa matumaini kwa haraka. Msijifunze haraka yangu." Tangu siku ile hakufanya tena jaribio lolote la vitu vya pwani. Na mimi nikipita uwanjani naulizwa, "Mashavu, dodoki lako limemtibu nani leo?" Niliona hiyo ndiyo adhabu yangu, nikadhani inatosha.

Likizo iliyopita Bibi alinionesha beseni lake la udongo, lile lile alilooshea sifongo. "Hili lina ajabu," akasema. "Mwaka ule baada ya dude lako, liliwekwa maji mwezi mzima halikushika ukoga." Kitu tulichokitafuta hakikuwa kimepotea. Kilitoka na maji ya kuoshea. Nikamweleza Bibi yote, hadi barua. Akaniuliza, "Mbona hukuniambia lisioshwe?"

Ndugu wageni waalikwa, swali hilo lilikuwa haki yake. Nimesomeshwa lugha mbili, na ile barua sikumwambia bibi yangu hata kwa moja. Nilidhani mambo ya chuo hayamhusu. Kumbe yeye ndiye aliyelijua sifongo kabla ya chuo, kabla yangu, na kabla ya Bi Tahera.

Bi Tahera alijikosoa mbele ya skuli, basi na haki yake ipewe mbele ya skuli. Kwenye meza hii, chini ya kawa, vipo visahani viwili. Nilivitayarisha siku tatu zilizopita kwa vipande nilivyovileta kutoka Bwejuu, ufunguo wa chumba cha majaribio akinipa Mwalimu Mkuu. Hichi cha kushoto kina kikaratasi chenye maji yaliyokamuliwa kutoka sifongo aliloliosha Bibi, mara tatu, kama siku ile: kimeota utando kote. Hichi cha kulia ni cha sifongo lisilooshwa. Mheshimiwa, tazama mwenyewe kisha mpitishie mwalimu wangu. Duara lipo.

Bi Sichana yupo safu ya tatu, mwenye kikapu miguuni. Amekuja kwa gari la asubuhi. Ndani ya kikapu mna chupa ya maji ya bahari na kipande kibichi, na harufu yake nadhani majirani zake wameshaisikia. Nilimwomba radhi, akasema, "Kasema mwalimu lisioshwe, halikuoshwa. Nampelekea mwenyewe."

Bi Tahera, hukukosea. Niliyekosa ni mimi. Nakuomba kipande hicho upande nacho meli, ukakifikishe kwa wale wa chuo.

Kwa subira yenu ya kuisikiliza sauti hii ndogo hadi mwisho, nakushukuruni nyote.